Mashine Iliyokubali Kusoma Ikakataa Kuandika

Kifungu cha tisa ndicho kilichonipeleka Piyaya. Kisa chenyewe ni cha kompyuta, nakiri, lakini mtu wa umri wangu hapandi basi alfajiri na kushukia nyikani kwa ajili ya kompyuta. Nilikwenda kwa sababu nilitoa neno kwa mdomo wangu mwenyewe, na neno lilikuwa limekwama ndani ya mashine.

Chemchemi yetu ya Endamarariek inanywesha mashamba ya mbaazi na mahindi, na watu, na punda. Kiangazi kikikaza, wafugaji wa upande wa Ngorongoro hushusha ng'ombe wao kuja kunywa. Wameshusha tangu enzi za baba zetu, na tangu enzi hizo tumegombana, tumepatana, tumeoleana kidogo, tumegombana tena. Sasa wilaya ikasema kila chemchemi iwe na jumuiya, na jumuiya iwe na katiba iliyochapwa. Tukaandika. Kifungu cha tisa kikasema maji ni ya wanachama peke yao. Sijui nani alikitamka kwanza. Nadhani ilikuwa mchana, makande yalikuwa yananukia, na kila mtu alitaka tufike kifungu cha kumi.

Wafugaji wakasikia, wakaja wazee wanne. Tukakaa nao siku mbili. Tukakubaliana hivi: miezi ya kiangazi ng'ombe wao wanywe kwenye birika la chini, kuanzia saa sita mpaka saa tisa, na wao washiriki kuzibua mfereji kila mwaka kabla ya mvua. Mzee wao, mrefu, sikio moja limechanika, aling'oa majani mabichi pale pale kando ya maji, akanipa nusu, yeye akashika nusu. Mwenye kushika majani namna hiyo hageuki.

Akaniuliza, "Kitaandikwa?"

"Kitaandikwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Maana mimi ndiye katibu. Nimeishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nusu nilikuwa nachunga. Walinichagua baada ya mwalimu aliyekuwa katibu kustaafu na kurudi kwao Piyaya, na hawakunichagua kwa elimu. Mwenyekiti alisema mbele ya watu wote, "Tumpe huyu, ana muda, na mkewe hamhitaji nyumbani." Watu wakacheka. Mke wangu alicheka kuliko wote. Mwalimu, kabla hajaondoka, alinifundisha kuwasha, kufungua katiba, kuandika kwa kidole kimoja na kuhifadhi. Nikaona yatosha.

Hapa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mtu atasema mzee huyu alihangaika bure, kwani Karatu imejaa maduka ya kuchapa. Sisi karatasi ya maji haibadilishwi mjini. Zamani kidogo, mtu mmoja alichukua muhtasari wa mipaka kwenda kuuchapisha Karatu, ukarudi na mpaka umesogea mpaka kwenye migomba yake. Hakuna aliyemwona akisogeza. Tangu hapo ikawa sheria: neno lolote la maji hubadilishwa kikaoni tu, kwenye mashine ya jumuiya, pande zote mbili zikiwa zimekaa, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule wakitazama kioo bega kwa bega. Mashine ikawa kama kigoda cha kikao. Bila hiyo hakuna kikao.

Mashine yenyewe ilitoka hoteli moja ya watalii kwenye barabara ya geti la Ngorongoro. Walinunua mpya, hii wakatugawia. Nikaitunza kwenye stoo ya jumuiya, juu ya gunia la mbaazi, nimeifunika kitenge. Sitaficha: kuku mmoja alikuwa akipenda kulala juu yake, na mimi nilimwacha kwa sababu alikuwa anataga. Kisha ikaja mvua ya upepo, bati likanyanyuka, maji yakaingia. Ilikuwa wiki mbili tu baada ya kushika majani, kabla hatujakaa kikao cha kuandika.

Nikaipeleka Karatu kwa fundi, mwanamke mnene mwenye kibanda karibu na stendi, mpole ila hapendi maswali mawili kwa mpigo. Aliifungua, akatoa ubao wenye kutu ya kijani, akasema hiyo ndiyo mothabodi, ubao mkuu wa mashine, nayo imekufa, lakini kumbukumbu zote ziko salama. Akaweka mothabodi nyingine. Ikawaka. Nikarudi nayo nyumbani nikiimba.

Mwenyekiti ndiye aliyeona. Chini ya kioo, kona ya kulia, kulikuwa na maandishi hafifu kama jasho. Akavaa miwani. "Inasema mfumo haujaamilishwa. Mzee mwenzangu, hii si mashine yetu."

"Ni yetu. Tazama alama ya kinyesi cha kuku."

"Kinyesi kinaweza kuhamishwa."

Watu watatu waliokuwepo wakaanza kunitazama kwa jicho la mnadani. Kwetu ng'ombe akitoka machungani na alama ya sikio haipo, haulizwi mchungaji kama ameona mvua. Anaulizwa ng'ombe wetu yuko wapi. Nilirudi Karatu kesho yake nimebeba hasira, si mashine tu.

"Umetubadilishia," nikamwambia fundi, bila hata salamu.

"Shikamoo, babu," akasema, akiendelea kufungua skrubu.

"Marahaba. Umetubadilishia."

Aliacha kazi akanitazama. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kwa mtu wa skrubu. "Babu, nyie mnafuga? Alama ya ng'ombe mnaiweka wapi?"

"Sikioni."

"Haya. Mfumo wa mashine hii ulikuja nayo kutoka kiwandani, na alama yake ilikuwa kwenye mothabodi. Nimetoa mothabodi. Sikio limekatwa lote, babu. Ng'ombe ni yule yule, ila alama haipo, na mwenye kuuza mfumo anataka kujua huyu ni wa nani." Akasema bila leseni mpya ya mfumo mashine itaendelea kuwaka, ila itanung'unika pale konani siku zote na itakataa mambo madogo madogo.

Nikaomba radhi. Aliipokea bila kuinua kichwa. Jumuiya ikatoa idhini, leseni ya mfumo ikanunuliwa, fundi akaingiza namba ndefu zenye herufi katikati, na yale maandishi ya jasho yakafutika nikiona kwa macho yangu. Mwenyekiti alipigiwa simu akashangilia. Mimi nikawaza: mwenye boma amepokelewa, basi na waliomo ndani wamepokelewa. Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akishanywa uji wako, hata mbwa wake habweki peke yake nje.

Jumamosi tukakaa. Wafugaji walifika mapema, wamesimama kwa mguu mmoja, fimbo kwapani. Mwakilishi wao akaketi kushoto kwangu, wetu kulia. Nikafungua katiba. Ikafunguka vizuri, nikasoma kwa sauti mpaka kifungu cha tisa. "Maji ya chemchemi yatatumiwa na wanachama peke yao." Nikasema, sasa nafuta. Nikabonyeza. Hakuna. Nikabonyeza kwa nguvu. Hakuna. Juu ya kioo mstari mwekundu umetanda, na vitufe vyote vya kuandikia vimekuwa na rangi ya majivu.

"Umesahau kufuta?" akauliza wa kulia.

"Sijasahau. Imekataa."

"Kusoma?"

"Kusoma inakubali. Kuandika inakataa."

Mwenyekiti akajaribu mwenyewe, akanipokonya kabisa. Akabonyeza huku na huku, na katika kubonyeza kwake mashine yetu ya kuchapa, iliyokuwa pembeni, ikaunguruma ikatema karatasi. Kumbe kuchapa inakubali! Ilitupa katiba nzima, safi, na kifungu cha tisa kile kile cha zamani.

Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka. Mwenyekiti aliishika ile karatasi akaipima mkononi. Mtu wa wilaya alikuwa anakuja kuzipokea katiba Jumatatu, siku tisa mbele, na chemchemi isiyokuwa na katiba ingeachwa mpaka awamu nyingine isiyojulikana lini. Akasema, "Jamani, si imeshachapika? Tuipeleke hii. Hicho kifungu tutakirekebisha baadaye."

"Baadaye lini?" nikauliza.

"Baadaye."

Mzee mwenye sikio lililochanika aliniangalia tu. Ningeona nafuu angenitukana. Nikasimama nikasema karatasi ile ikienda wilayani na mimi naacha ukatibu leo hii, na majani niliyoshika nitakwenda kuyarudisha mbele ya watu. Mtu mmoja nyuma akaguna, "Mkewe atafurahi?" Hakuna aliyecheka. Wakanipa mpaka Jumamosi iliyofuata. Mashine ikiandika, kifungu kitabadilishwa kikaoni. Isipoandika, iliyochapwa itakwenda ilivyo.

Jumatatu nilikuwa kwa fundi kabla hajafungua kibanda. Nilimwamkia safari hii.

"Babu, hukuniambia mna programu ya kuandikia ya kulipia."

"Si umeshalipisha mfumo? Kona si imesafika?"

Akanionyesha nje kwa bisibisi. Magari ya watalii yalikuwa yanapita kwenda getini, vumbi juu. "Lile gari likifika geti linalipiwa kibali cha gari. Ukishalipia gari, abiria wanaingia bure?"

"Hapana. Kila abiria ana kibali chake."

"Basi. Mfumo ni gari. Programu ya kuandikia ni abiria. Mmelipia gari. Abiria amesimamishwa getini. Anaruhusiwa kutazama mlima, haruhusiwi kwenda." Akaongeza kwamba hata gari lisingekuwa na kibali, abiria wake huenda angekuwa nacho. Kila mmoja huulizwa peke yake. Ila mothabodi ilipobadilishwa, abiria naye akatakiwa ajitambulishe upya, maana ameonekana kwenye gari lisilojulikana.

"Basi mnunulie cha kwake."

"Anacho." Akageuza kioo. Kona ya juu kulikuwa na jina la yule mwalimu wetu mstaafu. "Leseni hii iko kwenye akaunti ya huyu mtu. Si ya mashine na si ya jumuiya. Ilikuwa inafanya kazi kwa sababu aliingia humu kwa akaunti yake, akaondoka bila kutoka. Sasa inamtaka yeye. Pasiwedi yake, na namba zitakazokuja kwenye simu yake."

Sikujua. Mwalimu alipokuwa katibu, programu ya kuandikia aliinunua mwenyewe kwa akaunti yake, akaiweka kwenye mashine yetu, hakutuambia. Watu wa namna hiyo wapo. Wanaweka paa kwenye nyumba yako, nawe unadhani mvua imeacha kunyesha.

Nikampigia simu. Haipatikani. Piyaya simu hushika kwenye mwamba mmoja na huacha kwenye mwingine.

Wakati nimekaa pale nimeinamisha kichwa, kijana mmoja wa stendi, muuza kava za simu, akaniinamia sikioni. "Mzee, nina dawa. Naweka flashi, dakika mbili, mfumo na hiyo programu vinafunguka vyote kwa pamoja, hakuna leseni wala mwalimu." Nikwambie ukweli, mate yalinitoka. Nilimtazama fundi.

"Mimi sikukatazi," akasema. "Lakini hiyo dawa inavunja mlango. Ukishavunjwa haufungiki, na sijui nani mwingine atapita. Na kila baada ya muda inaisha nguvu, unamtafuta tena."

Nilifikiri kikao. Nilifikiri mtu akiuliza mashine imefunguliwaje, niseme kwa wizi kidogo, halafu juu ya wizi huo tuandike maneno ya maji. Nikamwambia kijana asante. Fundi akajaribu programu nyingine ya bure, halali kabisa, na katiba ilifunguka, ila jedwali la zamu za maji likaruka, zamu ya Jumanne ikaangukia Alhamisi. Nikasema hapana, funga. Mimi ninaelewa ni jedwali limeruka. Wao watasema zamu zimehamishwa Karatu.

"Sasa, babu?"

"Sasa Piyaya."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Kwa ajili ya namba sita?"

"Ni sita?"

"Ni sita tu."

"Basi ni nyepesi kubeba."

Alhamisi nilipanda basi la Loliondo, mashine nimeifunga kwenye blanketi nimeipakata. Mama aliyekaa pembeni yangu alidhani ni mtoto, akanyamaza kwa heshima mpaka getini, ndipo akaniuliza mbona halii. Kule juu ukingoni mwa kreta ukungu ulitufunga, baridi ikaingia mpaka kwenye meno, na dereva akawa anapiga honi kwa nyati asiowaona.

Ukungu ule ulinikumbusha Oldeani, maana nilizaliwa huko, kwenye shamba la kahawa, baba akiwa kibarua. Tulikuwa na nyumba ya vyumba viwili, ukuta wa mawe, mama akapanda maua ya manjano mlangoni. Mimi nilijua ni yetu. Nilimpiga mtoto mmoja kwa sababu alikaa kwenye ngazi yetu. Siku baba alipoumia mgongo na kazi ikaisha, tuliambiwa tutoke kabla ya mwisho wa wiki. Mama alitaka kuchimba maua yake, baba akamwambia acha, na maua ni ya shamba. Sikumwelewa kwa miaka mingi. Kwenye basi lile, na ile mashine magotini, nilimwelewa: tulikuwa na ruhusa ya kukaa, nyumba haikuwa yetu. Kumbe na maandishi ni hivyo. Unaamka asubuhi unakuta maneno yako mwenyewe unayaona kupitia dirisha.

Lakini nimepotea njia. Nilishukia mahali nilipoelekezwa, mwenye pikipiki akanichukua juu ya tambarare, upepo unapiga, swala wanatukimbia kisha wanarudi kututazama. Tukafika kwa mwalimu baada ya mchana.

Sikumtambua. Nilimzoea na suruali iliyopigwa pasi. Sasa amejifunga shuka, miwani ameining'iniza kwa uzi wa gunia.

"Sopai!" nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Epa! Katibu! Nani amekufa?"

"Mothabodi."

Mkewe akaniletea chai ya maziwa matupu na kigoda, akasikiliza kisa chote akiwa amesimama mlangoni. Nilipomaliza akauliza, "Yaani umetoka Endamarariek mpaka hapa, umefuata namba?"

"Ndiyo, mama."

"Wenzako wakija kutoka mbali hivi huja kuposa."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa anajilaumu. Alisema alipaswa kuiweka leseni kwenye akaunti ya jumuiya tangu mwanzo, ila aliona ni usumbufu, na yeye yupo, basi itakuwa yeye. "Tatizo la mtu kuwepo," akasema, "ni siku asipokuwepo."

Tukapanda kilima kidogo nyuma ya boma, penye jiwe moja bapa ambapo mtandao hushika. Mkewe akatufuata na kigoda changu kichwani. Mwalimu akaunganisha mashine na simu yake, akabonyeza palipoandikwa ingia. Ikataka pasiwedi. Akaandika. Ikakataa.

"Umesahau?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Sijasahau. Ni jina la dume langu la ng'ombe."

"Dume gani?"

"Hapo ndipo."

Alikuwa amepata madume mengi maishani. Akajaribu yule wa mabaka. Ikakataa. Akajaribu mweusi mwenye tumbo jeupe. Ikakataa, ikaandika onyo kwamba akikosea tena itafungwa kwa muda. Mwalimu akaondoa mikono kwenye mashine kama anayeondoa kwenye sufuria. Nilihesabu kimoyomoyo: leo Alhamisi, kesho barabarani, keshokutwa kikao. Mfugaji mwenye sikio lililochanika atakuwa amesimama kwa mguu mmoja akiningoja.

"Tupumzike," nikasema. "Usiguse. Fikiri."

Mkewe alikuwa amekaa akitafuna kijiti. "Hiyo akaunti uliifungua lini?" akamuuliza.

"Mwaka ule wa ukame mkubwa."

"Basi unatafuta nini kwa wa mabaka? Mwaka ule ulikuwa unamlilia yule wa kijivu. Hukula siku mbili. Mimi ulikuwa hunioni, unamwona yeye tu."

Mwalimu akarudi kwenye vitufe. Akaandika. Ikakubali.

Namba sita zikaja kwenye simu, lakini upepo ulivuma, mtandao ukakatika, na zilipoandikwa zilikuwa zimeshachacha. Tukaomba nyingine. Zikaja nyingine. Safari hii mimi nilizisoma kwa sauti, yeye akaandika, mkewe ameishikilia simu juu kwa mkono ulionyooka. Kisha mashine ikasema leseni hii inaonekana kwenye mashine mbili zenye jina Endamarariek.

"Tuna moja," nikasema.

"Ni hiyo hiyo. Moja ni mzoga wa mothabodi ya zamani. Bado inahesabiwa hai." Akauondoa ule mzoga kwenye orodha. Mstari mwekundu ukatoweka, na vitufe vikatoka kwenye majivu vikawa vyeusi, kimoja kimoja kama mbegu baada ya mvua.

"Sikiliza vizuri," mwalimu akasema. "Itaandika hata kama hakuna mtandao, ila usipitishe mwezi bila kuiunganisha. Na baada ya kikao mfungue akaunti ya jumuiya, mnunue ya kwenu, mimi mnitoe. Nisije nikafa na maji yenu."

"Tutakutoa."

Akakifungua kifungu cha tisa. Akakisoma kimya. Yeye ni wa hawa hawa wafugaji, ng'ombe wa ndugu zake ndio wanaokunywa kwetu. Kidole chake kikatulia juu ya kitufe.

"Nikibadilishe hapa hapa? Nimeona mlivyokubaliana. Dakika mbili, nawe unalala usingizi."

Sitajifanya mtakatifu. Nilichoka, mgongo uliniuma, na maneno yangekuwa ndiyo yale yale. Nani angejua? Lakini yangeandikwa Piyaya, juu ya jiwe, na kidole cha mfugaji, na mkulima mmoja tu angejua, aliyekuwa amenywa chai yao.

"Funga, mwalimu."

"Huniamini?"

"Nakuamini. Ndiyo maana ufunge."

Alifunga. Nadhani alifurahi, ingawa siku zote alikuwa mtu mgumu kumsoma.

Jumamosi stoo ilijaa. Hata wasiokuwa wanachama walikuja kuona kama mzee amerudi na nini. Mwenyekiti alikuwa na ile karatasi iliyochapwa mfukoni, ncha yake inaonekana. Nikaweka mashine mezani, wa kushoto na wa kulia wakakaa bega kwa bega, nikafungua, nikasogea mpaka cha tisa, nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta.

Neno "peke yao" likapungua herufi moja moja.

Nikaanza kuandika. Mimi ni mwepesi wa kusema na mzito wa kuandika. Kila herufi naitafuta. Nilipofika penye saa za kunywesha, mkulima mmoja, shamba lake lipo karibu na birika la chini, akasema kutoka nyuma, "Andika mpaka saa nane. Saa tisa ni nyingi."

"Tulisema tisa."

"Nani anakumbuka?"

"Mimi nakumbuka. Na wewe ulikuwepo, ulikuwa unakula makande, ukasema sawa na mdomo umejaa."

Kicheko kikamfunika. Mwenyekiti akamtazama, akamtazama mzee wa wafugaji, kisha akaitoa ile karatasi mfukoni, akaikunja mara nne na kuiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. "Andika tisa, katibu," akasema.

Nikaandika tisa. Nikasoma kwa sauti, mwakilishi wao akatafsiri kwa Kimaasai. Mzee mwenye sikio lililochanika akasema, "Rudia." Nikarudia. "Rudia." Nikarudia mara ya tatu, polepole, na yeye safari hii alikuwa akitingisha kichwa kila baada ya neno, akipima kama kuna lililopungua. Halikupungua.

Tukachapa nakala tatu: ya wilaya, yetu, na yao. Yao alipewa yule mzee mkononi. Hakujua kusoma, lakini aliuliza cha tisa kiko wapi, akaonyeshwa, akaweka ukucha pale kuacha alama. Kisha akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza chini ya karatasi na kukishikilia kwa muda, mpaka mwenyekiti akamwambia inatosha.

Akajifuta kwenye shuka.

"Sasa ni saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa saba."

"Basi wako njiani," akasema, akatoka nje kwenda kuwapokea ng'ombe.